Muvi, tamthilia au komedi gani ya karibuni umeitazama mpaka mwisho bila kushika simu?

mlala_chali:

Wakuu habari zenu. Nina swali moja ila nitazunguka kidogo mnivumilie.

Jana usiku nimemaliza muvi moja ya saa mbili, majina yanaanza kupanda mwishoni nikajiuliza hivi yule mzee aliyekufa alikuwa nani? Nikarudisha nyuma. Kumbe ni baba yake steringi, na walishatuambia mapema kabisa, ila wakati huo mimi nilikuwa najibu meseji kwenye grupu, kutoka kwenye grupu nikaangukia kwenye video ya mtu anaosha zulia. Zulia nimelitazama mpaka likatakata. Baba wa watu amekufa sijamjua.

Kwa hiyo siku hizi mambo ya nyota tano sijui asilimia tisini siyataki, kipimo changu ni kimoja tu, niliigusa simu mara ngapi. Na kwa kipimo hicho za karibuni zilizopita ni mbili. Ya kwanza Sinners ya Ryan Coogler, 2025. Nilikaa nikijua ni wanyonya damu tu na mbio za usiku, kumbe wanyonya damu wenyewe wanachelewa kweli kuja, kwanza unakaa na wale mapacha, Smoke na Stack, wote wawili ni Michael B. Jordan, mmoja kofia ya bluu mwingine nyekundu, wamerudi kwao Mississippi mwaka 1932 wanataka kufungua kilabu cha muziki. Mpaka balaa linafika mlangoni ushawajua watu wote waliomo ndani na hutaki afe hata mmoja. Halafu kuna pale Sammie, binamu yao kijana, anapiga gitaa akiimba, kamera inaanza kuzunguka ukumbini, mara unaona mtu wa gitaa la umeme, mara DJ, mara wacheza ngoma wa Afrika wa zamani, mara wachezaji wa opera ya Kichina, waliokufa na ambao hawajazaliwa wote wamo kwenye dansi moja na paa linaungua juu yao. Nilikuwa mdomo wazi aisee. Nilikuja kuikuta simu chini ya mto wa kochi.

(Na kama ulizima majina yalipoanza kupanda, rudi. Kuna kipande kizima cha Sammie akiwa mzee, anaigiza Buddy Guy mwenyewe, mpiga blues wa kweli. Mimi naona ndio mwisho halisi wa muvi sijui kwa nini wameuficha huko.)

Ya pili Weapons, ile ya watoto 17 wa darasa moja wanaotoka vitandani saa 8 na dakika 17 usiku na kukimbilia gizani mikono wameitanua kama ndege. Siongezi neno.

Stendapu ndio kabisaa. Nikiweka spesho ya komedi dakika ya pili nishashika simu. Sasa semeni, zenu zipi?

bibi_remoti:

Adolescence. Nimemaliza naweza kwenda.

Haya ngoja nieleze maana najua kuna mtu ataniambia eti ni ya kesi ya mtoto, inahuzunisha, hawezi. Ni vipindi vinne tu, Netflix, Machi 2025, na kila kipindi kimepigwa shoti moja isiyokatwa toka mwanzo mpaka mwisho. Watu wanaisema hiyo kama sifa ya kameramani, mimi nasema kazi yake ni kukunyima nafasi ya kutoka. Kwenye tamthilia za kawaida kila wanapokata unapata upenyo, jicho linajua sasa tumehama hapa, ngoja nichungulie simu. Huku hamhami! Polisi wamevunja mlango asubuhi na mapema, mtoto wa miaka 13 amekojoa kwenye suruali, mnapanda naye gari, mnakaa naye njia nzima, mnashuka naye kituoni, mnangoja wakati wa kuandikishwa kama ndugu zake. Ile njia ya kwenye gari kwa muvi nyingine ingekuwa sekunde tatu.

Kipindi cha tatu sasa, kile cha mwanasaikolojia na Jamie, ndiye huyo mtoto, chumbani, watu wawili na meza. Kuna mahali mtoto anapiga miayo. Haikuwemo kwenye maandishi, yule dogo Owen Cooper alichoka kweli tu, na Erin Doherty, anayeigiza mwanasaikolojia, bila kutoka kwenye uhusika akamuuliza kama anamchosha, dogo akatabasamu, wakaendelea na wakaiacha hivyohivyo. Baadaye kidogo mtoto huyohuyo anasimama anamfokea mpaka nikarudi nyuma kwenye kiti. Alipata Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ana miaka 15, na mimi nilikuwa nimeshampa yangu siku nyingi.

Simu yangu ilikuwa imezima chaji nami sikujua.

nusu_saa:

Mimi nitakuwa mkorofi wa uzi huu samahanini. Kosa si la muvi, ni lako mlala_chali. Mtu ameacha baba mtu anakufa anaangalia zulia halafu anakuja kuuliza muvi gani nzuri. Weka simu chumba kingine basi.

La pili, si kila kitu lazima kikukabe shingo. Mimi nina tamthilia zangu za kupigia pasi, naziweka zinaongea nami naendelea na mashati, na sioni aibu. Ila sasa nalo hilo wameligundua. Mwisho wa 2024 jarida la n+1 lilitoa makala ndefu kuhusu Netflix, waandishi kadhaa waliowahi kuwafanyia kazi wakasema ushauri wanaopewa mara kwa mara ni kwamba mhusika atamke anachokifanya, ili anayeangalia huku ana shughuli zake asipotee. Toka niisome hiyo siwezi tena kutosikia. Mtu anaingia chumbani anasema "nimekuja kuchukua ile bahasha uliyoniachia jana", mwenzake anajibu "ndiyo bahasha ile ya siri za kampuni". Nani anaongea hivyo jamani?? Hata nikiwa na pasi mkononi nimeudhika.

kalamu_mbili:

nusu_saa umenichekesha ila umenikumbusha jambo. Dawa ya simu niliyoiona mimi ni maandishi ya chini. Lugha usiyoijua ikiongewa huna ujanja, ukiinamia simu umepitwa, sikio halikuokoi.

Nilijua hilo kwa Shōgun ya 2024 (ile iliyobeba Emmy 18 kwa sizoni moja). Sehemu kubwa ni Kijapani, kwa hiyo macho yapo kazini muda wote. Lakini kuna kitu kingine pale ambacho mimi kama mtu anayekula kwa kutafsiri kilinimaliza. Baharia wa Kiingereza, Blackthorne, hajui Kijapani, anamtegemea Mariko amtafsirie, huyo mwigizaji anaitwa Anna Sawai. Tunachokisikia sisi kama Kiingereza, ndani ya hadithi ni Kireno, ndiyo lugha wanayoelewana. Sasa yule baharia anaropoka, hana adabu hata kidogo, Mariko anamsikiliza, anatulia kidogo, anainamisha kichwa na kumgeukia bwana mkubwa kwa sentensi fupi nzuri iliyonyooka ambayo nusu yake haikusemwa. Na wewe mtazamaji umesikia la huyu na umesoma la yule, kwa hiyo chumba kizima ni wewe na Mariko peke yenu mnaojua kilichotokea. Wengine wote wanaenda na nusu nusu.

Nishakaa kwenye kiti hicho jamani, mteja anatukana mbele ya mwenzake na wote wawili wananitazama mimi mdomoni. Nilichotoa kilikuwa kifupi na kitamu kuliko alichosema. Mpaka leo nilikuwa najiona mwongo, Mariko amenituliza kidogo.

Wanaoitazama ikiwa imeingizwa sauti za Kiingereza mimi nawahurumia tu, hapo wote wanaongea lugha moja, mkalimani wa kazi gani tena?

popo_mchana:

+1 kwa kalamu_mbili lakini mimi nakwenda mbali zaidi, kitu kisicho na maneno kabisa. Flow. Katuni ya paka, kutoka Latvia, ilichukua Oscar ya katuni 2025 na ikawa Oscar ya kwanza ya nchi hiyo, na wameitengeneza kwa Blender ambayo ni programu ya bure unaipakua hata sasa hivi.

Mafuriko yamekuja, paka anapanda kwenye mashua na wanyama wengine, kuna mbwa, kuna lemuri anayekusanya makorokoro, kuna ndege karani, kuna kapibara mzito asiyejali chochote. Hakuna anayeongea! Hakuna hata wimbo wa mnyama kuimba ndoto zake! Paka analia kama paka. Sauti zote wamerekodi za wanyama wa kweli, isipokuwa kapibara, sauti yake halisi ilikuwa haimfai yule bwana mpole wakamvisha ya mtoto wa ngamia. Nilipojua hilo nikarudia kuangalia upya ili nimsikilize tu.

Binti yangu wa miaka sita aliniuliza mara moja tu "baba kwa nini hawaongei", nikamwambia ni wanyama, akasema aaa, basi, tukanyamaza mpaka mwisho.

Halafu kuna mwenye kutaka kupumzika kihalali, The Brutalist ina mapumziko yake ndani ya muvi, dakika 15, picha ya harusi inatulia kwenye skrini na saa inahesabu kurudi nyuma. Jumla ni dakika 215. Niliogopa hizo dakika lakini nakwambieni ile kujua kwamba kuna ruhusa ya kusimama ilinifanya nisiibe. Kipande cha kwanza sikugusa simu, saa ilipoanza kuhesabu nikaiwasha, nikakuta hakuna cha maana, nikaizima ikiwa bado dakika kumi na moja.

siongei_sana:

Severance sizoni ya 2, ile ya wafanyakazi waliotenganishwa kumbukumbu za ofisini na za nyumbani. Ya kwanza ilitoka 2022, ya pili Januari 2025, unangoja karibu miaka mitatu halafu inafunguka na Mark, mhusika mkuu, anakimbia kwenye yale makorido meupe, anakata kona, anakata kona, hakuna maelezo, na wewe umeshasahau nani ni nani. Ukitoa jicho umekwisha.

Ila sijasamehe ile miaka mitatu.

kofia_ya_tatu:

Weapons nakubali na yule shangazi alivyo

bibi_remoti:

kofia_ya_tatu ISHIA HAPOHAPO. Kuna watu hatujaiona.

kofia_ya_tatu:

Sijasema kitu mama, nimesema shangazi, kila mtu ana shangazi

kicheko_cha_kushoto:

Sasa naingia mimi kutetea stendapu maana naona imepigwa teke kule juu na hakuna aliyegeuka.

mlala_chali, wewe ukiweka komedi unashika simu dakika ya pili kwa sababu unaiangalia. Mtu mmoja amesimama na kipaza sauti, utaangalia nini, viatu? Stendapu inaingia kwa sikio. Zima taa, vaa hedifoni, lala chali kama jina lako linavyosema, utaniambia.

Anza na Baby J ya John Mulaney, 2023. Ni saa nzima kuhusu marafiki zake walivyomtega ili wamlazimishe kwenda kuacha dawa za kulevya. Hadithi hiyo angeipata mtu mwingine angelia nayo jukwaani ili tumpigie makofi ya huruma. Huyu anaingia chumbani anakuta marafiki zake wamejaa, wengine wapo kwenye skrini kwa Zoom, karibu wote wachekeshaji wa jina, na kinachomuudhi ni kwamba watu wachekeshaji namna ile wamekaa usiku mzima na hakuna hata mmoja anayetania. Mwishoni anatoa mahojiano aliyofanya na jarida siku chache kabla ya kupelekwa, akiwa hajielewi, na hakumbuki kama aliwahi kuhojiwa, anayasoma neno kwa neno kama ya mtu baki. Unacheka huku tumbo linakaza. Kuna sekunde pale ukumbi hauna uhakika kama ni ruhusa kucheka, na hiyo sekunde ukiwa kwenye simu huipati, utasikia kicheko kinachofuata tu na utaona ni kichekesho cha kawaida.

Halafu kuna Selective Outrage ya Chris Rock, Machi 2023, Netflix waliirusha laivu dunia nzima, ilikuwa mara yao ya kwanza kufanya hivyo. Kwa kweli si spesho yake bora, nusu ya kwanza naiona ya kawaida sana. Lakini mwishoni alipofika kwa Will Smith na lile kofi alilompiga jukwaani kwenye Oscar 2022, jambo ambalo kila mtu alikuwa amekaa kulingoja mwaka mzima, akakosea jina la muvi. Alitaka kusema Concussion akasema Emancipation, akagundua, akasimama, akakiri hapohapo kwamba ameharibu, akaanza upya. Mtu aliyefanya kazi hii miaka zaidi ya thelathini! Niliketi wima. Sikumcheka, nilimwonea huruma, na ile huruma ikanifanya nimsikilize kwa mara ya kwanza usiku ule. Halafu wakaja kulikata hilo kosa kwenye nakala iliyobaki mtandaoni. Yaani kitu pekee kilichokuwa laivu ndicho walichokiondoa.

nusu_saa:

Hapo kwenye kukata kosa nakuunga mkono, na mimi ni mgumu kuunga.

Ila Mulaney nimemsikiliza nikipiga pasi. Mashati matatu. Nikaunguza kola ya la tatu kwenye kile kipande cha mahojiano. Sijui kwa kipimo chenu hiyo ni nyota ngapi.

kicheko_cha_kushoto:

Hiyo ni tano mkuu.

kalamu_mbili:

Mmeisahau The Pitt jamani. Ni hospitali, kitengo cha dharura, sizoni ya kwanza ina vipindi 15 na kila kipindi ni saa moja ya zamu moja hiyohiyo. Noah Wyle, yule aliyekuwa daktari kijana kwenye ER, tamthilia nyingine ya hospitali ya zamani, hapa ndiye mkubwa wao na amechoka mpaka kwenye kope. Na sikilizeni vizuri, karibu hakuna muziki. Tumezoea vinanda vitwambie sasa huzunika, sasa mgonjwa anapona, hapa hakuna wa kukwambia, unabaki na mashine zinalia pii pii, viatu vinakwaruza sakafu na watu wanaitana. Mgonjwa uliyemwona kipindi cha kwanza unamkuta cha nne bado anangoja. Nilianza nikijiambia kimoja nilale.

mlala_chali:

Wakuu nimerudi, siku tatu sijaonekana kwa sababu nilikuwa kazini kwenu.

Flow nimeiona, ngamia nimemsikia, popo_mchana ubarikiwe. Baby J nimeisikiliza gizani kwa hedifoni kama nilivyoelekezwa, nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuwasha taa kuona kuna nini, akanikuta nimelala chali macho nimefumba nacheka, ilibidi nieleze sana.

Adolescence ndio imenitesa. Nilifuata ushauri wa nusu_saa nikaiacha simu chumba kingine. Kipindi cha tatu, katikati ya yale makelele ya mtoto, simu ikaita huko ndani. Ikaita ikakata. Ikaita tena. Sikuinuka. Kwa mara ya kwanza toka niinunue nimeisikia simu ikiita nikaona kelele. Kuja kuangalia baadaye ni mdogo wangu alikuwa mlangoni nje, kanipigia mara sita, akaondoka. Amekasirika mpaka leo, nimemwambia aitazame halafu ndio tuongee.

Shōgun nimepanga wiki ijayo. Sasa kalamu_mbili swali la mwisho, hiyo The Pitt inaonyesha damu kwa kiasi gani? Mimi mtu akichomwa sindano tu kwenye skrini nakunja vidole vya miguu.

kalamu_mbili:

Kwa kiasi chote. Wanapasua, wanafungua, wanaingiza mirija, kamera ipo palepale.

Usile. Na mkono mmoja utakuwa umeziba macho, kwa hiyo kuhusu simu usiwe na wasiwasi.

bibi_remoti:

mkono wa pili ni wa kushika kochi